Mshubiri wa Makubaliano

Adui wa Nyapara alikuwa maji. Si maji ya kunywa wala ya kuoga, maana alikuwa mtu msafi, na chai aliinywa kwa wingi, tena ya sukari iliyomfanya mpishi wa kambi anung'unike. Adui yake ni maji yaliyosimama. Akiona kidimbwi cha ukubwa wa sahani katikati ya barabara, uso ulimbadilika kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mgeni asiyemjua amelala kitandani mwake.

Namwita Nyapara kwa sababu sikumsikia mtu akimwita jina lingine, kuanzia vibarua wake mpaka wazee wa kanisa pale Nyololo. Habari za ukoo wake waulizwe wenye ukoo. Mimi nilimkuta akiwa tayari mtu mzima, filimbi shingoni, kofia ya kaki iliyopauka kichwani, na mwendo wa mtu anayesukuma toroli hata akiwa mikono mitupu. Alisimamia kipande cha barabara ya Iringa kwenda Mbeya, katika miaka ile ya hamsini ambapo barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Mimi nilikuwa mchuuzi. Nilipanda na mchele wa Usangu, nikashuka na viazi na maharage ya huku juu. Lori halikuwa langu. Mzigo ndio wangu, na hasara pia yangu. Magunia niliyahesabu wakati wa kupakia, nikayahesabu tena dereva alipokwisha kuwasha moto, na madereva wa njia ile hawakunipenda kwa ajili hiyo.

Siku tuliyojuana, lori letu lilikuwa limezama matope mpaka kwenye ekseli, chini kidogo ya kambi yake. Alikuja na watu wake, akatuzunguka, akatazama magurudumu kama daktari anayetazama ulimi.

"Baba, tunaomba watu wako watusukume," nikamwambia.

"Watu wangu hawasukumi."

"Basi wanafanya nini?"

"Wanaondoa maji. Na ninyi acheni kusukuma, mnakoroga uji. Kaeni mle kitu."

"Tule nini, wakati chakula chenyewe ndio mzigo wa kuuza?"

"Basi kaeni tu."

Akachukua koleo kwa kibarua mmoja, akachimba mtaro mwembamba kutoka kwenye gurudumu mpaka ukingoni. Kazi ilikuwa ndogo hata nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akasimama, mikono nyuma, akiyatazama maji yakiondoka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu yule ana meno. Muda wa kusonga sufuria moja ya ugali ulipopita, akaamuru itupwe changarawe, dereva akatia gea, na lori likatoka kama halijawahi kukwama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona nimechelewa."

"Ungesukuma ungewahi kufika na nusu ya lori."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki. Tangu hapo sikupita Nyololo bila kushuka kunywa chai ile ya sukari nyingi.

Nimefanya biashara na watu wa kila aina, lakini sijakutana na mnunuzi mbovu kama Nyapara. Hakujua kabisa kupatana bei. Ukimwambia bei, alilipa bei. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikaona biashara ile haina ladha, kama kucheza bao peke yako. Nikajikuta napunguza mwenyewe.

"Basi toa pungufu kidogo, Nyapara, wewe ni mtu wangu."

"Umesema bei. Mbona unageuka?"

"Nageuka kwa faida yako."

"Mtu akisema neno, amesema," akajibu, akahesabu fedha ile ile ya kwanza, akaniwekea mkononi.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu usipolijua, hayo mengine utayaona ni wazimu. Kwa Nyapara maneno yalikuwa kama kalvati: ukishalifukia chini ya barabara, kila kitu kinapita juu yake, na hakuna anayerudi kulichimbua.

Vibarua walimwogopa, na walikuwa na sababu. Mtaro ukiziba majani, filimbi ililia mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Lakini mtu yule yule, kibarua akija na habari ya mtoto mgonjwa, alimpa ruhusa kabla habari haijafika katikati. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kibena ambaye mtoto wake aliugua kila siku ya kubeba mawe. Nikamtania Nyapara kwamba anadanganywa mchana kweupe. "Najua," akasema. "Lakini siku mtoto atakapougua kweli, nitamjuaje?" Hesabu ya namna hiyo sikuwahi kuifundishwa mahali popote.

Jumapili alikwenda kanisa la Kilutheri, akakaa benchi la mbele. Mvua zilipochelewa, waumini wote waliomba mvua, naye aliomba kwa sauti kuliko wengine. Wakitoka nje, vijana walimchokoza.

"Nyapara, na wewe unaomba maji? Si adui zako?"

"Mimi nimeomba inyeshe," alijibu. "Nyie mlisahau kuomba ipite."

Na neno hilo, inyeshe ipite, ndilo lililokuwa imani yake yote. Mchungaji mwenyewe alishalitumia kwenye mahubiri, akaliwekea maana ya kiroho. Nyapara alimsikiliza kwa heshima, lakini baadaye aliniambia kwamba yeye alikuwa anazungumzia mitaro.

Mbele ya nyumba yake ya kambi kulikuwa na tuta ambalo kila aliyeliona alidhani ni kaburi. Mimi pia nilidhani hivyo, nikavua kofia. Nyapara akacheka.

"Vaa kofia yako. Hapo hajalala mtu."

Ulikuwa mshubiri. Mmoja tu, wa aina ile inayoota kwenye vilima vya mawe nyuma ya Igawa, yenye majani manene yaliyokaa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na miiba pembeni. Huko Igawa mishubiri ile imejaa hata mbuzi hawaitazami. Kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka zote, ndipo inaposimamisha vijiti vyake vya maua mekundu, utadhani mtu amechomeka mienge mlimani. Lakini hapa palikuwa Nyololo, juu, kwenye ukungu na manyunyu, ambako mwezi wa saba umande unaganda ukawa mweupe juu ya majani. Kitu cha joto na mawe kingefanya nini huku?

Tuta lile alilijenga kama barabara. Chini kabisa alitandika mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha changarawe iliyochanganywa na mchanga wa mtoni, na udongo kiasi cha kuudanganya tu mshubiri kwamba upo shambani. Juu alilifanyia mgongo, na pande zote mbili alichimba mitaro ambayo aliifagia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mshubiri wenyewe ulikaa kileleni, kama mkubwa anayesubiri gwaride.

"Barabara na mshubiri vina ugonjwa mmoja," aliniambia. "Maji kusimama. Jua haliui mshubiri. Baridi yenyewe, ikiwa kavu, inauchubua tu. Ila uweke miguu kwenye maji na kichwa kwenye baridi, kesho unakuta uji."

Haukuwa wa kwanza kuupanda. Wa mwanzo aliuchimba Igawa, akaupanda siku hiyo hiyo na jeraha lake bichi, ukaoza kuanzia chini. Baada ya hapo alijifunza. Mtoto wa mshubiri akishamtenga na mama yake, alimlaza kivulini juu ya kichanja mpaka pale alipokatwa pakauke pawe pagumu kama gamba. Watu walimwambia, "Nyapara, umesahau mche wako huku, unakufa." Naye akajibu kwamba hajasahau, anausubiri upone. Mwingine ulioza kwa ajili ya mke wa mpishi, mama mwenye moyo mwema, aliyekuwa akipita na maji ya kuoshea vyombo na kuumwagia kidogo kila siku kwa siri. Alipoulizwa alisema, "Nilikuwa nauonea huruma. Hakuna mtu aliyekuwa anauangalia." Na mwingine uliliwa na ng'ombe. Aliula, akaugundua uchungu wake, akautema. Lakini kutema kwake hakukumsaidia Nyapara.

Basi huu niliouona ulikuwa umebaki. Nilikuwa nimesikia kwamba akina mama wa Iringa mjini wanautafuta kwa ajili ya kuku. Ugonjwa wa mdondo ukiingia bandani, wanakata jani na kulitia kwenye maji ya kunywa. Nikaona biashara.

"Niuzie huu, Nyapara. Utaje bei wewe, nami leo sitapatana."

"Siuzi."

"Kila kitu kina bei."

"Huu si wangu peke yangu. Ni wa makubaliano."

Ndipo akanieleza.

Nyapara alikuwa na mke huko Igawa. Miaka ya mwanzo alikwenda naye kila kambi aliyopelekwa, na kazi ya barabara haina makao: leo huku, mwakani kule. Kila walipofika, mke alilima. Alipanda mahindi, wakahamishwa kabla hayajakomaa. Alipanda migomba, wakahamishwa kabla haijazaa. Mpaka siku moja, walipoambiwa wafunge mizigo kwenda Nyololo, akakaa juu ya godoro lililokwisha kufungwa, akakataa kuinuka. Akasema: nimelima kambi zote, nimevuna ipi? Nenda wewe. Kitu kimoja cha kwetu kikishika mizizi huko kwenye baridi yako, kikatoa ua, hapo nitajua tumefika, nami nitakuja. Ikabidi Nyapara amwulize ni kitu gani. Alikuwa anatazama mlimani, akasema, "Mshubiri." Kisha akaongeza, maana alimjua mumewe: "Ardhini. Si kwenye debe. Cha kwenye debe kinabebeka."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kama mtu wa soko.

"Nyapara, umepatana vibaya. Hukuweka muda. Hukuweka shahidi. Na mwenye kuamua kama umeshinda ni yule yule mnayeshindana naye."

"Hatushindani."

"Pengine alisema kwa hasira tu. Mwanamke amechoka kufunga mizigo, amesema neno."

"Mtu akisema neno," akaanza.

"Amesema. Najua."

Tena kumbe wakati huo huo alikuwa amekataa kupandishwa cheo. Bwana Barabara, mzungu aliyekuwa akikagua njia yote ile, alitaka kumpeleka Mbeya awe juu ya manyapara wengine, na nyumba ya bati. Nyapara akamjibu kwamba ana kazi Nyololo haijaisha. Bwana Barabara alidhani anazungumzia daraja.

Kwa kuwa nilipita njia ile bila kukoma, nikawa tarishi wao. Yeye alinipa sabuni, chumvi, wakati mwingine blanketi, nimpelekee mkewe. Mke alinirudishia mchele na samaki wakavu. Maneno hayakuwa mengi. Mama yule nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, na kwenye biashara alikuwa kinyume kabisa cha mumewe. Debe la mchele alilipima kwa mkono uliojaa huruma kwa upande wake tu. Nikimwambia aongeze, alichukua punje chache kwa vidole, akazidondosha juu kama anayetia chumvi kwenye yai.

"Shemeji, hicho ndicho kilele?"

"Unataka kilele, nenda kapande mlima."

Na kila nilipofika, salamu ilikuwa haijakamilika, aliuliza neno moja tu juu ya mshubiri.

"Umetoa?"

"Bado, shemeji."

"Haya." Akaendelea kupepeta. Mimi najisifu kusoma nyuso, maana ndiyo kazi yangu. Mtu akisema hataki, najua kama anataka. Uso wa mama yule sikuusoma. Sikujua kama neno "bado" linampa nafuu au linamchoma.

Ukaja mwaka ambao mshubiri ulianza kusukuma kitu katikati. Nilikuta Nyapara amechuchumaa mbele ya tuta, kofia mkononi, akanivuta nami nichuchumae. Kati ya majani kilikuwa kimechungulia kichwa cha kijani, cha ukubwa wa kidole gumba. Tulikaa pale watu wazima wawili tukikitazama, mpaka dereva akapiga honi.

"Usimwambie bado," akasema. "Mpaka kifunguke."

"Kwa nini?"

"Nimemhamisha vya kutosha. Simhamishi kwa kitu cha labda."

Nikashuka Igawa na siri yangu. "Umetoa?" "Bado." Neno lile halikuwa uongo, lakini siku hiyo sikumwomba aongeze punje hata moja.

Wakati huo baridi ilikuwa imeingia. Jioni Nyapara aliufunika mshubiri kwa gunia la katani, asubuhi jua likitoka akalifunua. Ikatokea ukingo wa barabara umeporomoka upande wa Mafinga, akaitwa na watu wake. Akamwachia kazi ya gunia kibarua mmoja mzee, mtu mpole, akimweleza kufunika na kufunua, basi, na tone la maji lisiuguse. Mzee yule aliitikia, akayafanya yote. Lakini asubuhi moja alifunua akakuta majani yameota weupe, kile kichwa cha ua kimevikwa barafu kama sukari. Akauonea huruma. Akaenda jikoni, akachemsha maji kidogo, yakawa ya vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga, akauosha jani kwa jani, na kile kichwa akakifuta kwa kitambaa.

Nilipopita, Nyapara alikuwa amerudi. Ua lilikuwa limelala ubavu, jeusi, laini kama ndizi iliyosahaulika. Vibarua wote walikuwa wamejificha wakisubiri filimbi. Filimbi haikulia. Alikuwa amekaa juu ya toroli lililogeuzwa.

"Umemfanya nini mzee?" nikamwuliza.

"Nimempeleka jikoni. Ana huruma sana, huyu. Huruma yake itafaa kwenye maharage."

Nikakaa kando yake. Kisha mimi, mtu wa njia fupi, nikatoa wazo langu. Milima ya Igawa wakati ule ilikuwa imejaa maua. Ningekata shina moja, nimpelekee mkewe, niseme limetoka Nyololo. Nani angejua? Nikamweleza vizuri, na faida zake.

Nyapara hakukasirika. Aliniangalia kama alivyoangalia lori letu siku ile ya kwanza.

"Halafu aje," akasema. "Aweke mzigo chini. Aulize: lilitoka wapi?"

"Utasema lilikatwa."

"Na mwakani?"

Wazo langu nikaliacha hapo hapo. Nikamwuliza basi nimwambie nini mama.

"Mwambie ulichokiona. Mshubiri ulitaka kutoa, ukashindwa. Majani yapo, mizizi ipo."

Nikashuka. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapangua. Nilimkuta shemeji akianika mpunga. "Umetoa?" Nikavua kofia, nikakaa kwenye kinu kilicholala, nikamsimulia yote: kile kichwa cha kijani, safari ya Mafinga, gunia, barafu, na mzee aliyeuogesha mshubiri kwa maji ya vuguvugu.

Nilipofika kwenye kitambaa cha kufutia, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, akasema, "Alimpaka na mafuta?" nami nikacheka pia. Kisha ghafla akaacha.

"Kwa hiyo ulifika mpaka kutaka kutoa."

"Ulifika, shemeji. Niliuona kwa macho yangu."

"Macho yako." Alinitazama. "Ndiyo yale yaliyoniapia kwamba kanga uliyoniuzia haichuji?"

"Ile uliifulia magadi."

"Alikuwa anafunika na nini? Gunia la nini?"

"La katani."

"Usiku kucha? Likiwa limeugusa mshubiri?"

"Limeuvaa kama kofia."

Akapiga makofi ya kusikitika. "Huyu mwanaume! Gunia la katani linakunywa umande wote, kisha linaganda. Anauvika barafu, anadhani anauvika blanketi. Kitalu kinafunikwa kwa nyasi, juu ya vijiti, zisiguse mche! Mtu anajua barabara yote ile, kitu hicho hakijui?" Akageuka huku na huku, kama anayetafuta mtu mwingine wa kumweleza. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Lori lenu likirudi juu, pale mbele kuna nafasi?"

"Ipo. Kwa hiyo unahamia?"

"Nani kasema kuhama? Nakwenda kukagua. Nyie wawili siwaamini. Mmoja mchuuzi, mwingine anavisha kofia majani."

Akapanda na kikapu, jembe lisilo na mpini, na mfuko wa mchanga wa mlimani kwao, ambao dereva aliuliza mara kadhaa kama kweli ni mchanga. Tangu tuache joto la chini alijifunga kanga juu ya kanga, na kila kilima tulichopanda alisema kwamba hii si nchi ya watu. Tulipofika, Nyapara alikuwa barabarani na watu wake. Akamwona mkewe anashuka kinyumenyume, akitafuta ngazi ya lori kwa mguu. Filimbi ilikuwa mdomoni mwake. Ikatoa mlio mdogo, mwembamba, ambao nadhani yeye mwenyewe hakuusikia.

"Karibu, mama," akasema.

"Sijakaribia. Nimekuja kukagua. Mshubiri uko wapi?"

Akampeleka. Mama yule aliinama, akapekua jani kwa jani, akachomeka kidole kwenye changarawe mpaka kiungo cha mwisho, akanusa. Akatazama mitaro. Hakupata kosa kwenye mitaro, na naona hilo lilimuudhi.

"Umeshika," akasema. "Lakini haujatoa."

"Haujatoa," Nyapara akakubali.

"Basi makubaliano yako pale pale."

"Yako pale pale."

Niliwaacha hivyo, kila mmoja upande wake wa tuta, kama wazee wa baraza wanaosubiri shauri.

Baada ya hapo biashara yangu iligeuka. Nikaingia kwenye mbao, nikawa zaidi Mafinga na Iringa, na njia ya kushuka Igawa nikawaachia wengine. Habari za Nyololo nilizipata kwa madereva, nusu nusu. Huyu alisema yule mama bado yuko, anakagua. Mwingine alisema Nyapara amekonda. Mwingine akasema, hapana, amenenepa, na kwamba chai ya kambi siku hizi haina sukari nyingi, maana mke wake amelichukua kopo la sukari.

Mara ya mwisho niliyowaona pamoja ilikuwa kiangazi kikali, vumbi limepaka miti yote rangi moja. Nilikuwa nimekaa juu ya mbao, nimejifunika shuka mpaka machoni. Tulipopinda kona ya kambi nikaona kitu chekundu. Nikafuta macho, nikatazama tena. Nikagonga paa la dereva asimame.

Shina lilikuwa limesimama refu kuliko fimbo ya Nyapara, limegawanyika juu, na kila tawi limejaa maua mekundu yaliyoinamisha vichwa. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, alikuwa ananing'inia akinyonya moja baada ya jingine. Pembeni vilikuwepo vijiti na nyasi za kile kijumba cha baridi, vimepangwa vizuri vingoje mwaka mwingine. Nyuma ya nyumba niliona mahindi yaliyovunwa, mabua yamelazwa, na migomba iliyoshika vizuri, mmoja na mkungu.

Shemeji alikuwa mlangoni akipepeta, sweta la kiume limemjaa mwilini.

"Kamwene, shemeji!" nikapiga kelele kwa salamu ya huku huku.

"Kamwene!" akaitikia kama mtu aliyezaliwa kule. "Shuka, usinitupie vumbi kwenye mchele."

Nikashuka, nikauzunguka mshubiri. Nyapara akatoka nyuma ya nyumba na ufagio. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini mwendo ni ule ule. Tukasalimiana kwa mikono yote miwili. Sikuweza kujizuia.

"Sasa shemeji," nikasema, "ukaguzi umekwisha. Umetoa. Mimi shahidi, dereva shahidi, na ndege shahidi. Sema neno: umehamia, au unarudi Igawa?"

Nyapara alikuwa ameanza kufagia mtaro. Ulikuwa safi, hauna hata jani. Ufagio ukasimama.

Shemeji alirusha mchele juu, akaudaka, akapuliza makapi.

"Shemeji," akasema, "wewe magunia unayahesabu mara ngapi?"

"Mara mbili. Unajua."

"Kwa nini?"

"Hesabu ya kwanza inaweza kuwa bahati."

"Na ua la kwanza je?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyetaka kumwibia. "Nasubiri la mwakani. Likitoka, nitafikiri. Na tena migomba ile siwezi kuiacha na mkungu."

Nilimgeukia Nyapara, nimwone anapokeaje bei mpya, yeye ambaye hakuwahi kukubali neno ligeuzwe. Alikuwa ametuonyesha mgongo, ameinamia mtaro, anaufagia upya kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama mtu mwenye muda mrefu mbele yake.

"Hilo," akasema akiwa vile vile ameinama, "naona ni la haki."